Kiazi na ua katika karatasi moja

Mchoraji wa Lubumbashi anayeamua kuchora kwa usahihi mimea ya porini, ile inayoliwa na ile ya dawa, hukumbana na lawama mbili. Ya kwanza hutoka kwa wasanii wenzake: kuhesabu mishipa ya jani ni kazi ya maabara, na mji huu ulikwisha kujipatia njia yake tangu 1946, Pierre Romain-Desfossés alipofungua karakana ya uchoraji ya Hangar na mwanafunzi wake Pilipili Mulongoy akaanza kujaza majani na ndege kama alivyowaona yeye. Hiyo naipita upesi. Ukuta una nafasi ya picha za aina zote mbili.

Ya pili ni nzito. Waganga na wahifadhi wanahofu kwamba mchoro sahihi humwelekeza mchimbaji. Tuipime hofu hiyo kwa chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi, mimea ya porini yenye maua, ambayo kila mmoja wetu ameiona sokoni ikiwa imekatwa vipande, ingawa ni wachache wanaolijua ua lake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuwa viazi vya okidi vilivyotoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania kwenda Zambia vilifika milioni 4 kwa mwaka. Idadi hiyo hainitoki akilini, kwa sababu okidi hizi huwa na viazi viwili, cha zamani kilichonywea na kipya kilicho kigumu, na mchimbaji huchukua kipya, yaani mmea wa mwaka ujao. Milioni 4 ni misimu iliyoliwa kabla ya kuchanua. Mwaka 2005 Tanzania iliifanya Kitulo, uwanda wa okidi katika nyanda hizo, kuwa hifadhi ya taifa, lakini wachimbaji hao hawakuhitaji picha ya mtu yeyote. Walifundishwa na wazazi wao.

Asiyejua ni mwingine. Okidi zote zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ila kiazi kikiwa ndani ya kapu hakina ua wala jani, na afisa wa forodha pale Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, angewezaje kusema kama ni cha aina iliyo nyingi au cha ile inayokwisha? Simu hupiga picha ya siku moja tu. Mchoraji huungoja mmea, akaweka kiazi, jani, ua la masika na tunda linalofuata juu ya karatasi moja, mambo ambayo porini hayaonekani kwa pamoja kamwe. Na uking'olewa mmoja kwa ajili ya mchoro, mamia ya watu wataujua bila kung'oa mwingine.

Hata hivyo wahifadhi wana haki juu ya jambo moja: jina la dembo, yaani bonde la majimaji, ulikookotwa mmea lisiandikwe chini ya picha. Waganga nao wana haki pale mchoraji anapoongeza kipimo na namna ya kutumia, kwani hapo hachori tena jani, anachukua elimu ya mtu, ambayo Itifaki ya Nagoya ya 2010 inataka itolewe kwa ridhaa na mwenyewe agawiwe faida. Mwaka 1542 daktari Mjerumani Leonhart Fuchs alitia sura za wachoraji wake ndani ya kitabu chake cha mitishamba. Kwetu, anayestahili nafasi hiyo, kando ya mchoraji na akipenda mwenyewe, ni yule mama aliyemwonyesha mmea.