Bweha Masikio Hana Kosa na Wanakondoo Wetu

Ukimtaja bweha mbele ya mfugaji, kinachomjia kwanza ni mwizi wa kuku na wanakondoo. Kwa bweha mgongo-mweusi lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini bweha masikio, yule mdogo wa kilo 3 hadi 5 anayeishi kwenye nyasi fupi za Serengeti na Maasai Mara, anaonewa, nami sikubaliani na kuonewa kwake.

Chakula chake kikubwa ni mchwa. Usiku hutembea polepole, kichwa amekiinamisha, masikio yake makubwa, yenye urefu unaofika sentimita 13, ameyaelekeza ardhini. Akisikia wadudu wakitafuna nyasi au buu likijongea ndani ya udongo, anachimba. Kinywa chake kimeumbwa kwa kazi hiyo: ana meno madogo 46 hadi 50, wakati mbwa wa nyumbani ana 42, na taya lake huweza kufunguka na kufunga hadi mara 5 kwa sekunde. Na mchwa anaowapenda ni wale wanaokata nyasi, nyasi zile zile ambazo ng'ombe wangekula! Hula pia mbawakawa wa mavi, ndiyo maana hupenda mahali palipolishiwa na nyumbu au mifugo. Mfugaji anayemuua anaondoa msaidizi wake mwenyewe.

Kinachonigusa zaidi ni malezi yake. Mchwa hawabebeki mdomoni kupelekwa pangoni kama kipande cha nyama, kwa hiyo watoto hutegemea maziwa ya mama, na mama inambidi azunguke usiku kucha akitafuta wadudu wa kutosha. Baba ndiye anayebaki pangoni. Huwalinda watoto, huwasafisha manyoya, hucheza nao, na wakikua kidogo huongozana nao kwenda kutafuta chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kadiri baba anavyokaa pangoni ndivyo watoto wengi zaidi wanavyosalimika. Wanyama wanaonyonyesha ambao baba zao hulea hivyo ni wachache mno.

Tishio kubwa kwake ni maradhi: kichaa cha mbwa na distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mbwa na wanyama wengine wala nyama. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na bweha masikio nao hawakupona. Virusi hivyo vilihusishwa na mbwa wa kufugwa wa vijiji vya jirani. Kumlaumu mbwa hakusaidii kitu. Anayehitajika ni mtu wa kumchanja. Kwa kichaa, asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Halmashauri zote zinazopakana na hifadhi zinapaswa kukifikia kiwango hicho kila mwaka, zikitenga fedha mapema badala ya kusubiri mpaka mtoto wa mtu aumwe.