Kishikwambi cha sensa na mwalimu anayeitwa mvivu

Stori za elimu zikianza lazima atokee mmoja aseme "walimu si walipewa vishikwambi, wanachezea WhatsApp tu". Na hajadanganya kihivyo. Wapo waliokifungia kabatini tangu siku wanasaini kukipokea, wapo ambao kimekuwa TV ya watoto nyumbani, na wapo wanaochukua andalio la somo la mtu kwenye group wanabadilisha jina la shule basi kazi imeisha. Hilo la andalio linaniuma, kwa sababu wanafunzi wa yule aliyeliandika sio wanafunzi wa huyu.

Ila vishikwambi vyenyewe, yaani hizo tablet, vimetoka wapi? Vingi ni vile vya Sensa ya 2022, zaidi ya 200,000, makarani walipomaliza kuhesabu watu ndo vikaenda kwa walimu. Sio wazo baya hata kidogo, bora hivyo kuliko vioze stoo. Lakini hicho ni kifaa cha mtu mmoja kushika mkononi, aulize maswali, ajaze fomu. Sasa ingia nacho darasa lenye watoto 90. Kipindi ni dakika 40, yaani sekunde 2,400, ukikipitisha dawati kwa dawati kila mtoto anaambulia sekunde 26, na hapo hujaita mahudhurio wala hujanyamazisha wale wa nyuma. Haya, tuseme shule yako ina bahati, iko kwenye ule uwiano unaotakiwa wa wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, bado ni sekunde 53. Sekunde 53 za kuona moyo unavyosukuma damu halafu mpe mwenzio!

Kwa hiyo mwalimu anayejielewa anafanyaje, anaiangalia ile video ya moyo mwenyewe usiku, anaielewa vizuri, kesho yake anachora moyo ubaoni kwa chaki za rangi. Mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, akipita anaona chaki, kwenye ripoti teknolojia haitumiki. Mi naona imetumika sana tu, imetumika pale ambapo kioo kidogo kinatosha. Shule yenye projekta hata moja habari inabadilika, darasa zima linaona kwa pamoja, ila hizo shule tunazijua ni ngapi.

Alafu kuna bando. Chaki inatoka kwenye ruzuku, ile shilingi 10,000 ya kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, humo humo na karatasi za mitihani na ukarabati mdogo mdogo. Bando linatoka wapi? Maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) ni bure na ina vitabu vya kutosha, lakini kuifungua unatumia MB zako. MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, nayo yana sehemu ya mtandaoni, MB zako tena. Na kama shule haina umeme kishikwambi kinashinda dukani kwa mtu kinachaji.

Eti wanaogopa teknolojia. Hao hao ndo wanaojaza taarifa za wanafunzi kwenye mifumo ya serikali, na ujumbe ukiingia saa sita mchana kwamba takwimu za utoro zinahitajika kabla ya saa nane, zinafika, kwa bando la mwalimu, kupitia group la WhatsApp, na siku hiyo husikii mtu akisema anachezea simu.