Kiingereza cha kumwambia bosi "sijaelewa"

Kiingereza ninachofundisha watu wazima hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, kingewachekesha walimu walionifundisha mimi Morogoro. Sisi tulikariri vitenzi, tukaandika barua rasmi za kuomba kazi ambazo hazikutumwa popote, tukageuza sentensi za kutenda kuwa za kutendwa mpaka mikono ikauma. Wanafunzi wangu, na baadhi yao wana wajukuu, wanajifunza kusema kisu kimekuwa butu, sakafu imelowa, glovu imechanika, leo naumwa sitaingia zamu. Jimbo la Iowa ndilo linaloongoza Marekani kwa nguruwe, na viwanda vya nyama havijawahi kushiba wafanyakazi. Wanaosimama kwenye laini ni Wakongo, Warundi, watu wa Myanmar na wa Amerika ya Kati. Watanzania tulioko ughaibuni kazi za namna hii zote tunaziita kubeba boksi, hata kama boksi lenyewe halipo.

Kuna jambo moja ambalo Wamarekani wametupita mbali. Hapa mtu mzima haoni haya kurudi darasani. Mzee wa miaka sitini anakaa dawati moja na kijana aliyemaliza sekondari juzi, masomo ni bure, anavuruga sentensi yote na hakuna anayegeuka kumtazama. Kwetu mtu akiteleza Kiingereza mbele ya kamera, klipu yake inazunguka WhatsApp wiki nzima, na wanaoisambaza wengi wao wasingefika hata nusu ya sentensi ile. Tumeifanya lugha hii kipimo cha akili. Matokeo yake kuna watu Arusha na Zanzibar wanaojua kazi ya hoteli kuliko meneja wao, lakini siku ya usaili wanakaa kimya kama walioshtakiwa.

Sasa niseme linaloniudhi, maana lipo.

Elimu ya watu wazima hapa inaendeshwa chini ya sheria ya mwaka 2014 ya nguvukazi, na sheria hiyo ina maswali yake: mwanafunzi amepanda ngazi kwenye mtihani? Yuko kazini robo ya pili ya mwaka baada ya kuondoka darasani? Na robo ya nne? Analipwa kiasi gani? Ni maswali ya haki kwa anayetoa fedha. Ila hakuna anayeuliza kama huyo mtu anaweza kubishana na mwenye nyumba, au kumweleza supavaiza kwamba mashine inatoa mlio usio wa kawaida. Kwa wakimbizi haraka imezidi, kwa sababu msaada wa kwanza wa mapokezi ulipangwa kwa siku 90. Mtu ametoka Nyarugusu, kambi iliyoko Kigoma tangu 1996, pengine amezaa na kulea watoto humo humo, halafu anatakiwa ajitegemee kabla hajajua basi lipi linapita mtaani kwake. Tangu Januari 2025 mlango wa wakimbizi umefungwa kwa karibu kila mtu, lakini waliokwisha ingia wapo, na bado wanakuja darasani jioni wakiwa na macho mekundu ya usingizi.

Kwa haraka hiyo, wengi wanafundishwa Kiingereza cha kuitikia. Simama hapa. Sukuma ile. Haraka. Sawa, bosi. Msimamo wangu ni kwamba tumeanza mwisho: Kiingereza cha kwanza cha mfanyakazi mzima kingepaswa kuwa cha kuuliza, kuomba kurudiwa na kukataa.

Na hapa siwasingizii Wamarekani peke yao. Malezi yetu nayo yanachangia. Tulifundishwa kwamba mkubwa akisema unaitika, na kumwambia hujamwelewa ni kama kumwambia hajui kueleza. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, alinieleza vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma: "Mwalimu, bosi aliniuliza kama nimesikia, nikasema ndiyo juu ya heshima. Kumbe alikuwa ananionyesha kifungo cha kuzimisha mashine." Hakuumia, Mungu bariki. Lakini hebu fikiria idadi ya ndiyo za heshima zinazotolewa kila asubuhi kwenye viwanda vya jimbo hili.

Sheria ya kumlinda ipo. Mwaka 2010 OSHA, ofisi ya serikali inayosimamia usalama kazini, iliwakumbusha waajiri kwamba mafunzo ya usalama lazima yatolewe kwa lugha na msamiati ambao mfanyakazi anauelewa. Nawasomea wanafunzi jambo hili, kisha tunafanya mazoezi: mimi supavaiza mwenye haraka, wao wananisimamisha. Sentensi ni fupi sana. Nionyeshe tena. Sijafundishwa kazi hii. Nahitaji mtu wa Kiswahili. Kigumu ni kuitoa ukimtazama mtu usoni. Kijana mmoja kila mara alikuwa akiitamka vizuri huku akitazama viatu vyangu.

Usaili nao ni kisa kingine. Ukimwambia mtu wetu "tueleze kuhusu wewe" anaanza na baba yake, kijiji, watoto wako wangapi na nani alifariki njiani. Kujisifu haipo. Aliyekuwa akisimamia ghala la chakula kambini atakwambia "tulikuwa tunagawa chakula", kana kwamba alikuwa mmoja tu kwenye foleni. Huwa natumia vipindi vizima kumtoa kwenye "sisi" hadi "mimi", na nakiri moyo hunisuta kidogo, maana ile "sisi" ndiyo iliyomfikisha hapa akiwa hai. Lakini anayemsaili hana dakika za falsafa. Anataka kusikia: nilisimamia ghala, nilihesabu magunia, nilitunza daftari.

Mtindo unaofanya kazi vizuri kuliko yote niliyoiona ni ule wa walimu wawili katika chumba kimoja, mmoja wa lugha na mmoja wa ufundi. Jimbo la Washington lilianza nao miaka ya mwanzo ya 2000 na umesambaa. Wanawake wengi wanaochoka na baridi ya kiwandani huhamia kwenye nyumba za kutunzia wazee. Cheti cha kuwa msaidizi wa muuguzi kinataka mafunzo yasiyopungua saa 75 kwa sheria ya nchi, na ukimpa mwalimu wa lugha pembeni, neno la shinikizo la damu anajifunza akiwa ameshika kipimo chenyewe.

Nikiona hivyo hukumbuka kwamba sisi tulishalijua hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo cha kanda ya ziwa kilikuwa na vitabu vya pamba, migomba na uvuvi, mtu akisoma kuhusu kazi aliyoiacha shambani asubuhi hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili kuzunguka redio. Wakisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Pale katikati, kwenye kujadiliana, ndipo penye kitu ambacho sijakiona kwenye mtihani wowote wa hapa. Mkulima aliruhusiwa kusema redio imekosea. Kilichokuja baadaye, hasa kozi za Kiingereza za mijini, zimerudi kwenye kukariri na kuiga lafudhi. Mtu analipa ada miezi mitatu, anatoka anajua kutamka "schedule" kwa namna mbili, na mgeni wa hoteli akilalamika kwamba bomba la chumbani linavuja, hana la kumjibu.

Wenzangu wa huku hunilaumu kwamba nawajaza watu ukorofi, eti wapate kazi kwanza mengine baadaye. Kwa uzoefu wangu hiyo baadaye haiji. Aliyeanza kazi kwa kunyamaza hukaa kwenye nafasi ile ile miaka, akiwaona waliokuja nyuma yake wakipandishwa.

Kama unafundisha kozi za jioni Arusha, Mombasa au Unguja, niandikie. Nina maswali ya usaili na mazoezi ya kumsimamisha supavaiza ambayo ni rahisi kuyageuza yawe ya hoteli au bandari, na ningependa kujua wanafunzi wenu wanakwama wapi.