Sofa Haikuvunjika

Kwa kuwa shoga yangu ameshalitangaza jambo hili katika kundi letu la WhatsApp, tena kwa chumvi nyingi, nimeona nilisimulie mwenyewe kabla halijamfikia mama mkwe Tanga.

Ndiyo, nilivaa krinolini. Kwa wanaume mnaonifuata humu, hicho ni kizimba cha pete nyembamba za chuma zilizoning'inizwa kwa tepe, ambacho wanawake wa Uingereza walianza kukivaa chini ya gauni mwaka 1856, ili wapumzike na sketi za ndani walizokuwa wakizirundika, nyingine zikiwa zimekakamazwa kwa singa za farasi. Jirani yetu hapa Leicester aliandaa jioni ya Krismasi ya enzi za Malkia Victoria, nami nikakodi gauni la zambarau, rangi ambayo mkemia William Perkin aliigundua maabara mwaka huohuo. Nilipendeza, hilo hata shoga hakulikanusha.

Mwenyeji akatangaza mchezo wa kuigiza neno bila kusema, nasi tukaambiwa tuketi. Mwanamke wa enzi zile alijua kuziinua pete za nyuma kidogo kabla ya kukaa. Mimi nilikaa kama ninavyokaa kwangu, kwa uzito wangu wote. Nikasikia pete za nyuma zikigongana. Kisha nikaona pindo la mbele likiondoka sakafuni, taratibu, bila haraka yoyote, likapita magotini, likapita kifuani, hata nikawa sioni kitu isipokuwa bitana ya gauni langu mwenyewe. Nililisukuma chini upande wa kulia, likapanda kushoto. Chumba kizima kimya. Jarida la Punch liliwacheka sana wavaaji wa krinolini, lakini wao angalau walivaa ndani suruali nyeupe zenye lesi, zilizofika chini ya magoti. Mimi, nikiamini hakuna atakayeona, nilikuwa nimevaa bukta ya mume wangu, ya kijani na njano, ya Yanga.

Na shoga yangu ni Simba damu.

Mzee mmoja, akidhani zamu yangu ya kuigiza imefika, akapaza sauti: "Mwavuli!" Wakacheka, wakaniinua, tukala, tukaondoka. Sofa haikuvunjika; hilo shoga ameliongeza.

Mume wangu hakuuliza kama niliumia. Aliuliza kwa nini, kati ya bukta zake zote, nilichagua ile, mbele ya mtu wa Simba.