Niandikie, Usiniambie Mlangoni

Bosi wangu wa zamani alikuwa na mazoea ya kutoa maagizo akiwa amesimama mlangoni, mkono umeshika kitasa. Mambo matatu kwa pumzi moja. Nikifika kwenye kiti changu limebaki moja, nalo nalitafuta. Nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kuweka umakini. Nilipomwomba aniandikie, alinijibu, "Mbona wenzako wanakumbuka?"

Jibu lile liliniuma miaka mingi kwa sababu nililiamini. Nilidhani naomba upendeleo. Sikujua kuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, umeshalisemea. Kwa mujibu wa Kifungu cha 2, kumnyima mtu mwenye ulemavu marekebisho stahiki, yaani mabadiliko yanayofaa ili ashiriki sawa na wengine, ni ubaguzi. Si lazima atukanwe wala afukuzwe. Kule kunyimwa tu kunatosha. Waajiri wengi hukosea hapo, wakidhani haki ni kumtendea kila mtu vilevile.

Kuna kisingizio kinachonikera zaidi: "Si unameza dawa? Basi umepona." Mwaka 1999, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba ulemavu upimwe baada ya kuhesabu nafuu anayoipata mtu kwa dawa au kifaa. Yaani aliyehangaika kujitibu ndiye aliyeweza kupoteza kinga ya sheria! Mwaka 2008 Bunge la huko likarekebisha sheria, likaondoa kipimo hicho na kutaja wazi kufikiri na kuweka umakini kuwa miongoni mwa shughuli kuu za maisha, ambazo mtu akikwamishwa sana kuzifanya huhesabiwa kuwa na ulemavu. Dawa hunisaidia kutulia kitini. Lakini hainikumbushi agizo la mlangoni.

Kazi yenyewe lazima niiweze, hilo silipingi, na ombi lenye mzigo kupita kiasi mwajiri anaweza kulikataa. Lakini tazama tunachoomba: maagizo kwa maandishi, kiti mbali na kelele, kazi kubwa igawanywe na kila kipande kipewe tarehe yake, na kwa mwanafunzi, muda wa ziada kwenye mtihani. Ujumbe wa mistari mitatu ni mzigo gani?

Mwenzangu, omba kwa maandishi. Usiishie kusema una ADHD. Taja kinachokukwamisha na kitakachokufaa. Bosi niliyenaye sasa nilimwandikia: "Naomba kila agizo la mdomo lifuatwe na ujumbe mfupi, kwani kwa hali yangu mambo hunitoka kabla sijayaandika." Akajibu, "Sawa." Kesho yake asubuhi ujumbe wa kwanza ukaingia: mambo matatu, kila moja na mstari wake.