Mbegu Isipoota, Hasara ya Nani?

Tarehe 1 Februari 2020, kwenye uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea mafuta ya upako katika mkutano wa Mtume Boniface Mwamposa. Moshi si mji uliokosa makanisa wala tiba. Ni ngome ya Walutheri na Wakatoliki, na hospitali ya rufaa ya KCMC iko hapohapo. Kwa hiyo wanaosema watu hufuata mafuta kwa ujinga tu hawajaniridhisha.

Kiu ya muujiza haikuletwa na makanisa mapya. Mwaka 2011 foleni za magari zilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na Babu alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri.

Watetezi wa injili ya mafanikio, ile inayohubiri kwamba anayeamini na kutoa atabarikiwa mali na afya, wana hoja. Mama ntilie anayeambiwa kila Jumapili kwamba Mungu hakumuumbia umaskini, akapata ujasiri wa kuongeza meza ya pili, kapewa kitu ambacho mahubiri ya "vumilia, thawabu yako iko mbinguni" hayakumpa. Na makanisa makongwe nayo yasijifanye hayajui pesa: kuna bahasha, kuna ahadi, kuna michango ya jengo, na ibada ikiisha kuna mnada pale nje, jogoo anapandishwa bei mpaka anashangaa mwenyewe.

Ila aliyemnunua jogoo yule kwa elfu sitini anaondoka na jogoo, na mabati ya kanisa atayaona yakipanda. Aliyepanda "mbegu", yaani sadaka ya kuvuna muujiza, ya elfu sitini ameahidiwa mume, kiwanja, visa. Isipoota, jibu liko tayari: imani yako haba, au kuna laana ya ukoo, au ulitoa kidogo, panda tena. Hapo ndipo ninapowaacha watetezi. Biashara yoyote ina hasara, lakini hii hasara yake humwangukia mnunuzi peke yake siku zote.

Mjane wa Sarepta hutajwa sana saa ya sadaka, kwa kuwa alimpa Eliya mkate wa mwisho. Msomeni mpaka mwisho, 1 Wafalme 17: Eliya alikula unga wa pipa lilelile, siku zilezile za njaa. Lingekauka, nabii naye angelala njaa.

Serikali hazina pa kushika ahadi ya muujiza. Rwanda mwaka 2018 ilifunga maelfu ya makanisa, na sababu kubwa zilikuwa majengo duni na kelele. Fedha ndizo zinazoshikika. Katika sharika nyingi za Kilutheri, sadaka ya Jumapili iliyopita husomwa kwenye matangazo, hadi shilingi ya mwisho. Mtume anayekusanya kwa lipa namba aanze na hilo, na mshahara wake usomwe humo humo.