Usimsomee mtu zile namba sita

Jumamosi nilikuwa saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, hapa Majengo nangoja fotokopi, mbele yangu kuna bi mmoja wa umri wa mamangu, simu ya kabambe mkononi, amekuja kufunguliwa akaunti ya afya. Kijana akachukua kitambulisho akaandika namba, zile namba sita za siri za kuthibitisha kuwa ni yeye zikaingia kwa SMS, bi akazisoma kwa sauti sote tukasikia. Barua pepe hana, kijana akaweka yake. Paswadi akamwekea ile anayowawekea watu wote, alisema hivyo mwenyewe. Alafu bi akatoa karatasi ya maabara atolewe kopi, kijana akaitazama akauliza, "Mamangu, hii ni homa ya ini, hepataitisi B?" Mwanamume waliyekaa naye benchi moja akainuka akaenda kusimama mlangoni.

Bi akachukua karatasi yake akatoka, kopi hakungoja wala chenji.

Mi jambo hili limeniuma mpaka leo. Najua kijana hakuwa na nia mbaya, na bila vijana wa saiba wazee wetu wengi hata kujisajili wasingejisajili, maana ukurasa wenyewe unakatika katikati unaanza upya. Hilo nakubali. Lakini mwenye barua pepe na paswadi ndo mwenye akaunti, siku yoyote anaweza kufungua akasoma ya ndani kwako, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeyaweka mambo ya afya katika zile data za kulindwa zaidi, sasa itakulinda vipi na ufunguo umempa mtu wewe mwenyewe? Mkienda saiba tafadhali, zile namba sita bonyezeni wenyewe, paswadi andika wewe hata kama unatafuta herufi moja moja na foleni inanung'unika, laini iwe yako, na usiondoke mpaka uione akaunti yako imetolewa kwenye kompyuta yao. Huna barua pepe? Nenda na mwanao au mjukuu akufungulie yako.

Kwa nini nalia hivi? Kwa sababu mtu akishaaibishwa mara moja, mara ya pili anaficha. Mpox, ule ugonjwa wa vipele, ilipothibitishwa Kenya Julai 2024, pale mpakani Taveta, tuliambiwa inapita ngozi kwa ngozi na kwa shuka na taulo, na mgonjwa anaambukiza mpaka vigaga vianguke na ngozi mpya iote. Hizo ni wiki mbili mpaka nne. Mwenye vipele anayeogopa kutajwa mtaani atavaa mikono mirefu, atapanda feri na watu, usiku atalala na wanawe kitanda kimoja.

Na yule aliyehama benchi hakukimbia chochote. Hepataitisi B inapita kwa damu, kwa kujamiiana, kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa, na wembe usiazimane kabisa maana kirusi chake kinaishi nje ya mwili hata siku 7. Benchi haiambukizi, kikombe cha kahawa hakiambukizi. Watoto wetu chanjo yake wanadungwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Cha kukimbia ni surua, inabaki hewani mpaka masaa 2 mgonjwa ashatoka chumbani, na anaambukiza siku 4 kabla vipele havijatoka, yaani harusini tunapakatiana watoto hatuna habari. Homa ya dengi nayo ni mbu wa mchana, funikeni mapipa ya maji, jirani mwacheni.

Fotokopi zangu nikaziacha nikamfuata yule bi, nikamkuta kwenye baraza ya duka lililofungwa, karatasi kaikunja ndogo kabisa. Akaniuliza, "Mwanangu, wajukuu zangu nawalisha kwa mkono wangu huu, sasa nisiwalishe tena?"

Nikamwambia awalishe.